Upscaling ya wazi na ya kufungwa: yaliyotokea kwenye banda la gemu la mwanangu hapa Itigi

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, kama mpo humu. Ninyi wengine marahaba, nimeshaitikia kabla hamjanisalimia.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili, moja lina ukungu kidogo ila lingine zima. Chumvi sijaongeza. Pale nilipoambiwa tu nitasema niliambiwa.

Mtaniwia radhi naanzia mbali. Mimi nisipoanzia mbali sifiki.

Nilipokuwa kijana mjomba wangu, mzee Ntandu, alikuwa na mizinga ndani ya kile kichaka cha Itigi. Mtu ambaye hajaingia mle hawezi kujua. Miti imefungamana mpaka mbuzi anapita ubavu ubavu, na ukivaa shati zuri unatoka na kola tu.

Ilikuwa mizinga ya magogo. Kila mtu alikuwa na alama yake, anaichonga kwa panga pale mdomoni mwa mzinga. Huyu mistari miwili, yule kama kwato ya ng'ombe. Ukikuta alama ya mtu, huo mzinga hauugusi.

Sasa mjomba, mizinga yake ile iliyokuwa karibu na njia hakuichonga kitu. Aliiacha hivyo kwa makusudi. Mzinga usio na alama ni wa mpita njia, una njaa, panda, kula.

Wapo na wengine waliokuwa wakiacha mzinga mmoja hivyo, lakini walisema kula hapo hapo, usibebe. Mjomba alisema hata kubeba beba. Watu walimwona kama ana kasoro fulani hivi kichwani.

Mwaka mmoja ng'ombe wetu walipotea nikaingia porini kuwatafuta. Nililala huko, nikaamka, nikazunguka tena, tumboni hamna kitu. Njia nzima nawaza mzinga wa mjomba tu. Nikaufikia. Naangalia mdomoni, naona mchongo mpya, mti bado mweupe. Mstari mmoja mrefu na wa pili mfupi, alama ya mjomba mwenyewe.

Niliupitishia kidole ule mchongo. Hakuna aliyekuwa ananiona. Sikupanda.

Nikwambieni kitu. Mizinga ya watu wengine yenye alama nilikuwa nimeshaipita mingi tu siku ile na sikuumia. Ule mmoja ndio uliniuma.

(Ng'ombe wenyewe nilikuta wamesharudi nyumbani wenyewe, wananitazama kama mimi ndiye niliyepotea.)

Najua kuna mtu ameshaanza kuuliza, mzee, hili ni jukwaa la teknolojia, asali ya nini. Vumilia mkuu.

Mimi nina mtoto wa marehemu kaka yangu, anaitwa Mwajuma. Kaka alipofariki mimi ndiye nikabaki baba. Yeye ana banda hapa Itigi, jirani na stesheni. Anakodisha zile gemu za mkononi, zile zenye skrini katikati na vitufe pembeni, unashika kama unashika sahani ya wali. Watu wanaosubiri treni wanakaa kwenye mabenchi yake wanacheza. Askari, wafanyabiashara wa asali, wanafunzi wa chuo wanaorudi makwao, hata padri mmoja nimemwona, alikuwa anacheza mpira na anakasirika vibaya sana.

Mimi kazi yangu pale ni kukaa. Nakaa mlangoni, nahesabika kama mlinzi.

Fundi wa banda alikuwa Salum, kijana wa Singida mjini, wazee wake wafanyabiashara wa siku nyingi, babu yao alikuja na bidhaa kutoka pwani akaoa huku huku. Huyu Salum alikuwa pia mchumba wa Mwajuma. Wazee wake walikuwa wameshanitumia salamu kwamba watakuja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia mbuzi gani.

Sasa shida ya gemu za mkononi ni chaji. Umeme ukikatika na treni ikichelewa kwa pamoja, wateja wanabaki wameshika sahani nyeusi. Salum ndiye aliyelitatua hilo. Aliziingizia kitu kinaitwa upscaling.

Nikamuuliza Mwajuma, upscaling ndio nini? Hakunijibu kwa maneno. Akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha ya baba yake.

Hapo nieleze. Kaka yangu maisha yake yote alipiga picha moja tu, ya kitambulisho, ndogo kama kucha ya dole gumba. Baada ya msiba watoto wakataka ya kutundika. Wakaipeleka studio Singida mjini ikakuzwe. Ilirudi kubwa kama dirisha, na kaka ndani yake amevaa koti jeusi na tai.

Kaka hakuwahi kuvaa koti. Halafu sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, aling'atwa na punda tukiwa wadogo. Kwenye picha sikio zima. Fundi picha aliona pale pana weusi, akakisia, akaliziba.

Mwajuma akasema, "Ndio hivyo baba mdogo. Mashine inachora picha ndogo ili isichoke, halafu inaikuza. Kule kusikokuwa na kitu inakisia."

Nikasema, "Na inavalisha watu makoti?"

"Ikiwa mbovu, inavalisha."

Wakuu, tangu siku ile sikulala vizuri kwa udadisi. Kwamba unachokiona pale sehemu kubwa hakikuchorwa, kimekisiwa! Nikawa nachungulia mabegani kwa wateja, naangalia majani, naangalia waya za umeme za ndani ya gemu, najiuliza hili jani lipo au wameliongezea.

Salum akaniambia kukisia kuna aina mbili.

Ipo ya kampuni moja kubwa, hiyo imefungwa. Wameifundisha kwa kuionyesha picha nyingi kupita kiasi, na haifanyi kazi mpaka mashine iwe na chipu yao wao wenyewe. Namna inavyokisia huoni, huulizi.

Na ipo ya kampuni nyingine, hiyo ya wazi. Wameandika namna inavyokisia, wameiweka hadharani, chukua, badilisha, itie kwenye mashine ya mtu yeyote. Ndiyo aliyoitia kwenye gemu zote za Mwajuma, hata zile kuukuu ambazo kampuni zao zenyewe zilishazisahau.

Nikamuuliza, kula hapo hapo au hata kubeba?

Hakunielewa. Nikamweleza habari ya mizinga. Alicheka, akasema, "Hata kubeba mzee. Hata ukitaka kuuza, uza."

Nikawa nampenda yule kijana, nisiwafiche.

Sasa ndipo akaja mfanyabiashara mmoja, jina sitalitaja, alikuwa anapita kwenda Tabora. Ana gemu mpya za mkononi, zenye ile chipu ya kufungwa. Akamwambia Mwajuma, nipe zako zote kuukuu nikupe hizi, tutabadilishana na utaniongezea hela kidogo kidogo. Nikirudi kutoka Tabora uwe na jibu, ukikataa nampa jirani yako.

Jirani ni banda la pili, ng'ambo ya njia. Mkijua maisha ya stesheni mnajua, msafiri anakaa anapoona penye picha nzuri. Hana undugu na mtu.

Mwajuma alitaka kukubali. Salum hakutaka kusikia. Wakabishana siku nzima, na mimi nikiwa katikati kama refa.

Mwajuma anasema wateja hawaulizi nani kaandika nini, wanaangalia skrini. Salum anasema ukishaingia humo umeingia, kampuni ikiamua gemu fulani haikuzwi haikuzwi, ikiamua mashine yako imezeeka imezeeka, utakaa na sahani. Mwajuma anasema hizi zangu tayari ni sahani. Salum anasema subiri.

Mwisho wakaweka mbili mezani, moja kuukuu yenye kitu cha Salum, moja mpya ya yule bwana, gemu ile ile, mahali pale pale. Ilikuwa gemu ya mtu anatembea porini. Wakanipa mimi niangalie, wakisema mimi sina upande.

Nikatazama kwa lile jicho zima.

Kwenye ya Salum majani ya mbali yalikuwa yanachemka kama uji. Mtu akikimbia, nyuma yake anaacha kivuli kama moshi. Si mbaya, unazoea. Kwenye ile ya kufungwa kumetulia. Jani ni jani.

Halafu nikaona kitu. Kwenye ile ya kufungwa, juu ya mti wa mbali, kuna ndege. Kwenye ya Salum mti ule ule, ndege hakuna.

Nikasema, "Huyu ndege yupo, au amevalishwa?"

 Mwajuma akamtazama Salum. Salum akasema kwa sauti ya chini kwamba inawezekana amekisiwa tu, mashine imeona doa ikatengeneza ndege. Nikaona anataka sana iwe hivyo.

Mwajuma akasema basi zima ukuzaji wote, tuone picha halisi. Salum akazima. Mashine ikapata moto, feni yake ikalia kama nyuki waliochokozwa, picha ikawa inakwenda kwa kurukaruka. Tukafika kwenye ule mti.

Ndege alikuwepo.

Ile ya kufungwa ilikisia sawa. Ya Salum ndiyo iliyomfuta.

Mwajuma hakumcheka. Angemcheka ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Umeona, Salum."

Salum akawa anazungusha bisibisi. Halafu akasema maneno ambayo ndiyo yaliyotufikisha hapa. Alisema, "Toleo jipya la ile ya wazi linakuja. Na lenyewe limefundishwa kwa picha, linakisia kama hii. Matoleo yote ya nyuma yaliingia kwenye mashine kuukuu, hata hili litaingia. Mimi nakuhakikishia, Mwaju. Kataa. Ikishindikana, mimi si mwanaume."

Mbele yangu mimi, mtu ambaye wazee wake wanakuja kwangu.

Mwajuma alifikiri mpaka jioni. Yule bwana aliporudi kutoka Tabora akamwambia hapana, asante. Yule bwana hakubishana, akavuka njia.

Basi jirani akapata mashine mpya. Wateja wetu wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kama meno. Padri naye akavuka. Alituambia samahani, lakini kule mpira anauona hata ukiwa mbali.

 Mwajuma alikuwa akifuta vumbi mashine ambazo hazijashikwa na mtu. Salum kila asubuhi anafungua simu kuangalia kama toleo limetoka. Akifika shikamoo mzee, nikiitikia tayari macho yapo kwenye simu.

Hapo nisimame kidogo wakuu, nitangulize funzo, maana mwisho wenyewe ni mfupi na nikiufikia sitakuwa na la kuongeza.

Mimi nilimuuliza mjomba Ntandu baadaye kwa nini alichonga alama. Ilikuwa miaka mingi imepita, ameshazeeka. Nilitegemea aniambie alidhulumiwa, au shetani alimwingia. Alisema, "Nyuki walipungua." Basi. Ulikuwa mwaka wa ukame, nyuki walipungua, na watoto wake walikuwa wanataka kula.

Kwa hiyo siwezi kusema ile kampuni ya wazi ni watu wabaya. Mwajuma ana maneno yake, anasema aliye nyuma ndiye hufungua mlango ili watu waingie kwake, akishawafikia wenzake anaurudisha. Wale wa kufungwa walikuwa mbele tangu mwanzo, hawakuwa na haja ya kufungua. Nami naona kuna ukweli. Sijui kama mjomba naye alikuwa hivyo, akitafuta watu wampende. Hilo nimeanza kulifikiri uzeeni, na silipendi.

Lakini kuna jambo moja ambalo asali haina. Mwajuma ndiye aliyenionyesha. Zile mashine zetu bado zinafanya kazi na lile toleo la zamani. Juzi amepata mashine nyingine kuukuu, akakaa nayo, akasoma maelekezo ya mtandaoni mwenyewe, akaitia ukuzaji kwa mkono wake bila fundi. Akaniambia, "Walichokwisha kutoa baba mdogo hawawezi kukirudisha. Kila mtu anacho."

Mzinga ukichongwa alama umekwenda. Hiki waliokwisha kukibeba wamekibeba. Uji unachemka kwenye majani, ndege hakuna, lakini ni chetu. Wateja wamerudi kidogo, hasa umeme ukikatika, maana zile mpya za jirani zinakula chaji na zetu tumezizoesha njaa.

Maswali yangu kwenu, ninyi mnaojua.

Hizi gemu za mkononi zitakazokuja mbele, ile ya wazi itakuwepo tena au kila mmoja atachonga alama yake? Je, chipu kuukuu kweli haiwezi lile toleo jipya, au wameamua tu? Nimesikia wapo watu waliojaribu kulilazimisha likaingia ila linakwenda polepole. Mwenye kujua aniambie taratibu, mimi darasa la nne niliishia katikati.

Na la tatu si la teknolojia. Mtu akikuambia kitu kwa moyo mweupe, na yeye mwenyewe aliamini, kisha kikageuka si kwa mkono wake, huyo amekudanganya? Mwajuma anasema hapana. Alilisema mapema sana, tena kwa sauti, nami nilimsikia. Sijui kama mwingine alimsikia.

Haya, mwisho.

Ilikuwa mchana, hakuna treni, banda tupu. Mwajuma anakunja kitambaa chake cha vumbi. Salum yupo mezani amefungua mashine moja, matumbo yote nje, begi lake la bisibisi lipo wazi pembeni. Simu yake ikalia ule mlio wa taarifa. Akaichukua, akasoma. Akasoma tena.

Mwajuma akauliza, "Limetoka?"

Akasema limetoka.

"Sasa?"

Akasoma kwa sauti, polepole, anatafsiri huku anasoma. Kwamba toleo jipya ni zuri, linakisia kwa kujifunza, na litafanya kazi kwenye chipu mpya za kampuni hiyo tu. Za zamani zitabaki na la zamani.

Mimi sikuwa na nia mbaya wakuu. Nilikuwa nataka kuelewa tu. Nikauliza, "Kwa hiyo na wao wamechonga alama?"

Salum alinitazama. Akacheka kidogo, ule mcheko wa puani. Akasema, "Wamechonga, mzee."

Mwajuma akamwambia, "Si wewe, Salum. Hukutudanganya." Hapo ndipo alipolisema.

Salum akairudishia ile mashine mfuniko, akakaza skrubu zote, moja baada ya nyingine, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka kwenye rafu na wenzake. Begi hakulifunga. Akasimama mlangoni pembeni yangu, akatazama ng'ambo ya njia, kule benchi za jirani zilikojaa.

Nikamuuliza anakwenda wapi na jua hili.

Akasema, "Nakuja."

Akavuka njia, akavuka na reli, hana haraka, mikono mfukoni, kama mtu anayekwenda kununua vocha.

Hajarudi.